Paa linavuja, na mwenye nyumba anaingia nikiwa kazini

SWALI: Ndugu Mshauri, ninaishi Mbagala, Dar es Salaam, katika chumba na sebule ndani ya nyumba yenye wapangaji wanne. Nililipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo na mwenye nyumba akanipa risiti, lakini hatukuandikishana mkataba. Tangu masika bati limetoboka juu ya kitanda changu, dari imevimba na kuanza kudondoka, na kila nikimkumbusha hunijibu kwamba fundi atakuja. Linaloniudhi zaidi ni kwamba anao ufunguo wa akiba. Juzi nilirudi kazini mapema nikamkuta sebuleni kwangu akiwa na dalali na watu wanaotafuta chumba, mmoja wao akiwa ameshafunua pazia la chumba cha kulala. Alinijibu kwamba nyumba ni yake na hana sababu ya kupiga hodi. Je, sheria inanilinda, na ninaweza kugoma kulipa kodi ijayo mpaka atengeneze paa?
Mpangaji, Mbagala

JIBU: Ndugu Mpangaji, ni kweli nyumba ni yake, lakini kwa muda uliolipiwa kodi matumizi ya vyumba hivyo ni yako. Kukosa mkataba wa maandishi hakukuondolei haki hiyo, kwa kuwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, inayotumika Tanzania Bara, inatambua upangaji wa muda usiozidi mwaka mmoja hata kama ulikubaliwa kwa mdomo. Risiti uliyopewa ni ushahidi wa kwanza wa upangaji huo, kwa hiyo itunze mahali ambapo maji ya dari hiyo hayafiki.

Kuhusu matengenezo, kifungu cha 88 cha sheria hiyo kinamwekea mwenye nyumba masharti ambayo huhesabiwa kuwa sehemu ya upangaji hata kama hayakutajwa na yeyote siku ya makubaliano. Inapopangishwa sehemu tu ya jengo, kama ilivyo kwako, ni wajibu wake kutunza paa, kuta kuu, mifereji mikuu ya maji na sehemu zinazotumiwa na wapangaji wote. Na chumba cha kuishi kinapaswa kufaa kwa makazi siku unapoingia na kuendelea kufaa kwa muda wote wa upangaji. Mpangaji naye ana wajibu wake wa kutunza alichopangishwa, na kioo ulichokivunja mwenyewe huwezi kumdai yeye. Bati lililotoboka juu ya kitanda si jambo la kubishania.

Kifungu hichohicho kinakupa haki ya kukaa kwa utulivu bila kuingiliwa na mwenye nyumba, ilimradi unalipa kodi na kutimiza masharti. Anaruhusiwa kuingia kukagua hali ya jengo au kufanya matengenezo, lakini kwa saa zinazofaa na bila kukusumbua isivyostahili. Kuwaingiza wageni chumbani mwako ukiwa kazini, kwa ajili ya biashara yake na dalali, si ukaguzi wala si ukarabati. Juu ya hayo, Ibara ya 16 ya Katiba inampa kila mtu hifadhi ya maisha yake binafsi na ya maskani yake, na haisemi kwamba maskani hayo lazima yawe mali yake.

Kugoma kulipa kodi sikushauri hata kidogo, ingawa naelewa hasira yako. Umeona kwamba haki ya utulivu imefungamanishwa na ulipaji wa kodi. Ukigoma, utakuwa umempa sababu ya kukutoa, na shauri litaacha kuwa la paa na kuwa la deni. Mwenye nyumba anayedai kodi ya miezi sita kwa mkupuo anaihitaji fedha hiyo, na hapo ndipo ulipo na nguvu: kabla ya kuilipa, mwombe mkataba wa maandishi unaotaja tarehe ya kutengeneza paa na taarifa ya angalau siku moja kabla ya kuingia, au mkubaliane kwa maandishi kwamba utamleta fundi wewe mwenyewe na gharama ikatwe kwenye kodi. Bila makubaliano hayo usikate hata shilingi.

Kwa sasa mwandikie barua yenye tarehe, nakala mbili, ukieleza uharibifu na siku aliyoingia, kisha umwombe asaini nakala yako. Akikataa, mpelekee mbele ya mjumbe au mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Ikishindikana, nenda Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya mwaka 2021 hupatanisha tu na halitoi hukumu. Upatanishi usipofanikiwa ndani ya siku 30, unaweza kufungua shauri Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya na kuomba aamriwe kutengeneza, azuiwe kuingia ovyo, na akulipe fidia ya vitu vilivyoharibika. Kwa sababu hiyo, lipige picha godoro lililolowa kabla hujalianika, na uweke risiti ya duka uliponunua.