Kutoa namba moja kwenye orodha yenye mikato: 14 ilivyogeuka kuwa 1

Mkuu, umeuliza namna ya kuitoa 4 kwenye orodha kama 4,14,40,41 kwa rejeksi (regex, ruwaza ya kutafutia maandishi), maana ukifuta "4" peke yake unaharibu na wenzake. Hilo limenikuta, tena kwenye mfumo ambao watu walikuwa wanautumia.

Kila mtumiaji alikuwa na safu moja yenye namba za makundi yake, zimetenganishwa kwa mikato. Kundi la 4 likavunjwa, nikaambiwa nisafishe. Nikaandika skripti ya mistari miwili, nikafuta kila "4", nikaenda zangu kulala. Waliokuwa kundi la 14 wakaamka wako kundi la 1. Na kundi la 1 ndilo la wasimamizi wa mfumo! Simu za asubuhi ile tuziache.

Nikakimbilia \b4\b, ambapo \b ni mpaka wa neno. Kwa namba tupu inakubali, ingawa mikato inabaki imegandana. Ila siku orodha ikiwa na neno kama data-mpya, ukitafuta \bdata\b inakata pale pale kwenye kistari, unabakiwa na -mpya.

Nikaja kwenye (^|,)4(,|$), ambapo ^ ni mwanzo wa orodha, $ ni mwisho wake na | ni "au"; naweka mkato mmoja mahali pake. Hii ndiyo inayodanganya kuliko zote. Ijaribu kwa 7,4,4,9. Mara ya kwanza inameza ",4," nzima, kwa hiyo 4 ya pili inakosa mkato nyuma yake, inaponea hapo. Unapata 7,4,9.

Ninayotumia sasa:

(^|,)4(?=,|$)

Badilisha kwa utupu. Ile (?=...) inachungulia tu kinachofuata, haikimezi, hivyo mkato unabaki kwa ajili ya anayefuata. Orodha yako inakuwa ,14,40,41. Huo mkato wa mwanzo unauondoa kwa rejeksi ya pili, yaani alama ya ^ ikifuatwa na mkato, basi. Ndiyo, ni hatua mbili. Wapo wanaopenda kuibana iwe moja, ^4(,|$)|,4(?=,|$), nayo ni safi mpaka ikutane na 4,4,14: inakuachia 4,14.

Kama kuna nafasi baada ya mikato, ongeza \s* (nafasi zozote, hata sifuri) pande zote za 4. Na kama cha kufuta kinatoka kwa mtumiaji, kipitishe kwanza kwenye re.escape (Python), preg_quote (PHP) au Pattern.quote (Java), ili alama zake zisomwe kama zilivyo. La sivyo ukifuta 1.5 unaondoka na 105, maana nukta kwenye rejeksi ni herufi yoyote. Kwenye sed (programu ya kuhariri maandishi kwa amri) usihangaike, haijui kuchungulia, tumia lugha ya Perl.

Ila ukiwa ndani ya Python, kwa nini ujitese?

",".join(x for x in s.split(",") if x != "4")

Rejeksi mimi naiachia kazi za kwenye kihariri, faili likiwa wazi mbele yangu. Ile safu niliishia kuivunja, nikatengeneza jedwali la mtumiaji na kundi, kila jozi na mstari wake. Kutoa kundi la 4 siku hizi ni DELETE moja (amri ya SQL ya kufuta mistari), na 14 haiguswi.