Maswali na majibu: Wanajamii si ghala la takwimu

Barua za safari hii zinahusu watafiti na jamii wanazofanya nazo kazi kwenye mambo ya maji, misitu, ardhi na samaki. Karibu nusu yake zinauliza swali la kwanza hapa chini, kwa hiyo naanza nalo.

Andiko letu limepitishwa na mfadhili ameshatoa fedha. Sasa tuwashirikishe vipi wanajamii?

Mmechelewa. Swali la utafiti mmeshalichagua, bajeti mmeshaigawa, ratiba mmeshaipanga. Mnachotafuta sasa ni watu wa kujaza viti vya warsha. Mwaka 1969 Sherry Arnstein, Mmarekani aliyeshughulikia mipango ya miji, aliuchora ushiriki wa wananchi kama ngazi yenye vipandio vinane. Kupashwa habari ni kipandio cha tatu, kuombwa maoni ni cha nne. Ubia, yaani mwananchi kuwa na sauti katika uamuzi wenyewe, ni cha sita. Maandiko mengi ninayopewa kuyasoma yamesimama cha nne huku yakijiita ubia.

Bado kuna la kuokoa. Mwombeni mfadhili miezi ya mwanzo iwe ya mazungumzo tu, pamoja na ruhusa ya kubadili swali. Mnaweza kwenda kupima ukame, wenyeji wakawaambia kwamba maji yapo, ila kuna mtu huko juu anayefunga mfereji. Huo ni utafiti mwingine kabisa, na ndio utakaowafaa. Tafadhali msiniandikie tena kuhusu “kuhamasisha jamii” wakati jamii haijaulizwa inataka nini.

Wanajamii wanaotukusanyia takwimu walipwe?

Walipwe. Dereva wenu mnamlipa.

Wananchi hawana mafunzo ya sayansi. Tutaviamini vipi vipimo vyao?

Mwaka 1977 Tume ya Kimataifa ya Nyangumi iliwaondolea Wainupiat, wenyeji wa asili wa Alaska, ruhusa ya kuwinda nyangumi wakubwa wa bahari ya barafu. Wanasayansi walikuwa wakihesabu kwa macho wakiwa ukingoni mwa barafu, na hesabu ilitoka ndogo mno. Wawindaji wakapinga: mnawahesabu wanaopita mbele yenu tu, wengine hupita mbali, chini ya barafu, na huipasua kwa kichwa ili wapumue. Serikali yao ya mitaa ikagharimia utafiti, vinasa sauti vikazamishwa majini, na nyangumi ambao jicho halikuwaona wakasikika. Hesabu ya mwaka 2001 ilipita 10,000. Mzee aliyekaa juu ya barafu ile maisha yake yote alikuwa na mafunzo. Tatizo ni kwamba hakuna aliyemuuliza mapema.

Hata hivyo sikubaliani na wanaosema kwamba neno la mwenyeji halihojiwi. Hukosea kama mtu yeyote. Wafundisheni kutumia kifaa, rudieni sehemu ya vipimo, linganisheni, kama mnavyofanya kwa wanafunzi wenu. Takwimu zikitofautiana, kaeni pamoja mtafute sababu. Msizifute takwimu zao kimyakimya usiku ofisini.

Wamekuja watafiti mara tatu, wametuhoji, hakuna aliyerudi. Sasa wa nne wanabisha hodi. Tunaweza kuwakataa?

Mnaweza, mzee wangu, na hakuna anayepaswa kuwatisha kwa hilo. Wasan, wenyeji wa asili wa Afrika Kusini, walizindua kanuni zao wenyewe za maadili ya utafiti mwaka 2017. Walikuwa wameumia. Mmea wa hoodia, ambao wahenga wao waliutafuna safarini kuzuia njaa na kiu, uliwekewa hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi, na taasisi ya utafiti ya umma katika miaka ya 1990 bila wao kuulizwa. Mkataba wa kugawana faida ulikuja mwaka 2003, tena baada ya kuudai.

Mkiamua kuwakaribisha, wekeni masharti kabla hawajafungua dodoso. Takwimu zitahifadhiwa wapi? Nani ataruhusiwa kuzitumia kwa kazi nyingine? Matokeo yataletwa lini, na kwa lugha gani? Yaandikwe, yasainiwe, nakala ibaki kwenu. Na jambo ambalo hukuuliza: kuweni waangalifu na ramani. Ramani inayoonyesha chemchemi, miti ya dawa au mazalia ya samaki ikishatoka hairudi, na atakayeifungua kwanza huenda akawa jangili au mnunuzi wa ardhi.

Mwenyekiti ametukubalia. Inatosha?

Haitoshi. Elinor Ostrom, aliyepata Nobel ya uchumi mwaka 2009, alichunguza jamii zilizotunza misitu, malisho na mifereji kwa vizazi. Moja ya mambo aliyoyakuta ni kwamba wengi wa wanaoguswa na sheria huwa na nafasi ya kuzibadili. Anayechota maji, anayekodi shamba na mchungaji anayepita msimu mmoja wote wanaguswa, na mara nyingi hawamo kwenye kikao cha mwenyekiti.

Makala yetu imeshachapishwa kwenye jarida. Je, huo si mrejesho?

Sio. Inasikitisha kwamba bado naulizwa hili. Wanajamii wapelekewe matokeo kabla ya kuchapishwa, wakiwa bado wanaweza kusema “hapa mmetuelewa vibaya”. Nao waliofanya kazi ya kufikiri pamoja nanyi waandikwe waandishi, wakiridhia, si kutupwa kwenye mstari wa shukrani.

Kuna matokeo mengine hayangoji hata rasimu. Mkipima kisima cha mtu mkakuta sumu ya arseniki, rudini kwake mara tu maabara ikithibitisha, mkamwonyeshe mahali pengine pa kuchota. Uhakiki wa jarida unaweza kuchukua mwaka mzima, na mwaka huo wote watoto wake wanakunywa.