Usisubiri Pampasi Ijae

Swali ambalo akina mama wapya huniuliza kuliko mengine yote ni hili: nepi ya mtoto mchanga ibadilishwe mara ngapi kwa siku? Jibu fupi ni kwamba mtoto aliye katika mwezi wake wa kwanza huhitaji kubadilishwa kati ya mara 8 na 12 kwa saa 24, kwamba mchana haifai zipite saa 3 bila kumkagua, na kwamba akipata choo kikubwa abadilishwe papo hapo, hata kama nepi hiyo amevalishwa dakika chache zilizopita. Kadiri anavyokua idadi hupungua, na watoto wengi wanaokaribia mwaka mmoja hutosheka na mara 5 au 6. Nimelea watoto wangu wote hapa Mwanza, wengine kwa nepi za kitambaa na wengine kwa pampasi, na ninachotaka mzazi mwenzangu akishike ni kwamba saa ya kubadilisha huamuliwa na ngozi ya mtoto pamoja na kilichomo ndani ya nepi. Kujaa kwa nepi si kipimo.

Nalisisitiza hili kwa sababu pampasi za siku hizi zimetengenezwa kwa namna inayompotosha mzazi asiyejua. Ndani yake mna punje za kemikali zinazonyonya mkojo na kuugeuza kuwa ute mzito, kiasi kwamba sehemu inayogusa ngozi huonekana kavu hata mtoto akiwa amekojoa mara tatu au nne. Halafu maduka mengi ya mitaani kwetu, kuanzia Igoma hadi Kirumba, huuza pampasi moja moja, na familia inayoishi kwa kipato cha kila siku hununua moja asubuhi na nyingine jioni, kila moja ikakaa mwilini hadi ining'inie. Siilaumu familia hiyo hata kidogo, kwa kuwa naijua hesabu inayofanyika pale dukani kati ya pampasi, unga na mkaa. Hata hivyo ngozi ya mtoto haijui hesabu hiyo.

Kinachotokea ndani ya nepi kinastahili kueleweka, maana ukikielewa hutahitaji mtu wa kukukumbusha. Ngozi yenye afya ina asidi kidogo, na asidi hiyo ni sehemu ya kinga yake. Mkojo unapochanganyika na kinyesi, bakteria huivunja yurea iliyomo katika mkojo na kutoa amonia, ambayo huipunguza ile asidi. Hapo vimeng'enya vilivyotoka na kinyesi, ambavyo kazi yake tumboni ni kusaga protini na mafuta, hupata nguvu na kuanza kuishambulia ngozi yenyewe, ambayo tayari imelainika kwa unyevu na kusuguliwa na nepi. Ndiyo maana mtoto aliyelala usiku kucha na mkojo mtupu anaweza kuamka salama, ilhali aliyekaa muda mfupi tu na kinyesi akaonekana amebabuka mapajani na makalioni. Mtoto anayebebwa mgongoni kwa mbeleko wakati wa jua kali huongezewa jasho na msuguano juu ya hayo yote, kwa hiyo huyo akaguliwe mapema zaidi.

Kwa familia ambayo fedha ni kikwazo, ushauri wangu ni kutumia nepi za kitambaa mchana mtoto akiwa nyumbani, na kuitunza pampasi kwa ajili ya usiku na safari. Nepi za taulo zinafaa, na vipande vya khanga iliyochakaa ikalainika vinafaa vilevile kwa mtoto mchanga. Kitambaa hakimfichi mzazi kitu: mtoto akikojoa, mama anajua, na analazimika kubadilisha kila mara inapolowa kwa sababu hakuna kinachouondoa unyevu kwenye ngozi. Ni kazi, nakubali, na anayeanza na nepi chache atajikuta hana iliyokauka siku ya mvua, hasa kati ya Machi na Mei. Zile chupi za plastiki zinazovalishwa juu ya nepi ili mkojo usipenye nisingeshauri zivaliwe siku nzima, kwa kuwa hufungia joto na unyevu ndani.

Kwa mtoto aliyezaliwa karibuni, nepi ina kazi nyingine kubwa ambayo wengi hawaitambui, nayo ni kumwambia mama kama maziwa yanatosha. Titi halina alama za kupimia, lakini kinachoingia lazima kitoke. Siku ya kwanza mtoto anaweza kukojoa mara moja tu, siku ya pili mara mbili, siku ya tatu mara tatu, na kuanzia siku ya tano au ya sita tunatarajia nepi zilizolowa vizuri zisizopungua 6 kwa saa 24, zenye mkojo wa rangi hafifu. Kinyesi nacho hubadilika: cha mwanzo ni cheusi chenye kunata kama lami, kisha huwa cha kijani, na ifikapo siku ya tano mtoto anayenyonya vizuri hutoa kinyesi laini cha njano chenye chembechembe. Madoa ya rangi ya machungwa au waridi yaliyokauka kwenye nepi si ajabu katika siku mbili tatu za mwanzo, lakini yakiendelea baada ya hapo, au kinyesi kikabaki cheusi, mama asisubiri tarehe ya kliniki. Aende akaonwe jinsi anavyomnyonyesha mtoto, kwa sababu mara nyingi tatizo liko katika namna mtoto anavyolishika titi, na hilo hurekebishwa.

Anayetumia pampasi hupata shida kujua kama imelowa, kwa kuwa mkojo wa mtoto mchanga ni mdogo. Chukua pampasi mpya, mimina ndani yake vijiko vitatu vya mezani vya maji, kisha ipime kwa mkono. Uzito huo ndio unaoutafuta unapohesabu nepi zilizolowa. Kwa anayehofia kuiharibu pampasi nzima kwa jaribio hilo, atumie nepi ya kitambaa katika wiki ya kwanza, ambapo hata kidonda cha kitovu hupata hewa. Nepi ya aina yoyote ikunjwe chini ya kitovu mpaka kikauke na kudondoka. Bibi zetu husisitiza kitovu cha mtoto wa kiume kisiguse sehemu zake za siri, na ingawa sababu wanayoitoa haina msingi wa kitabibu, ule uangalifu wao wa kukiweka wazi na kikavu una faida ya kweli.

Usiku, mtoto aliyekojoa tu na amelala vizuri ndani ya pampasi hana haja ya kuamshwa ili abadilishwe. Mbadilishe kabla ya kumlaza, kisha tena anapoamka kunyonya, na ni vema ufanye hivyo kabla ya titi au katikati ya kubadili titi, ili akishashiba alale moja kwa moja. Aliyepata choo huamshwa, na mwenye vidonda pia, hata kama ni mkojo mtupu.

Kuhusu kumsafisha, maji safi ya uvuguvugu na kitambaa laini au pamba vinatosha. Sabuni si lazima kila mara, na yenye manukato ni afadhali iachwe. Mtoto wa kike asafishwe kutoka mbele kwenda nyuma ili kinyesi kisiingie kwenye njia ya mkojo, na mtoto wa kiume ambaye hajatahiriwa govi lake lisivutwe nyuma. Kausha kwa kugusagusa bila kusugua, halafu mwache dakika chache bila nepi juu ya khanga. Hakuna dawa ya bei nafuu kuliko hewa. Kisha paka mafuta ya mgando au krimu yenye zinki ili ngozi ipate ukuta dhidi ya unyevu. Poda iacheni kabisa, kwa kuwa vumbi lake huingia kwenye mapafu ya mtoto.

Sisi tunaoishi kando ya ziwa tuna suala la maji ambalo mama wa Dodoma halimhusu. Katika vijiji na visiwa vingi, na hata pembezoni mwa jiji, kama Igombe na Kayenze, maji ya kumwogeshea mtoto na kufulia nepi huchotwa ziwani. Maji hayo yanaweza kuwa na vimelea vya kichocho, ambavyo hutoka kwa konokono na kupenya ngozi ndani ya dakika chache, bila mtoto kukanyaga ziwani hata siku moja. Mama akimmwagia mwanawe maji yaliyochotwa asubuhi hiyo, anaweza kuwa anamwambukiza. Maji hayo yachemshwe, au yahifadhiwe siku mbili kwenye chombo kilichofunikwa, kwa sababu vimelea hivyo havidumu muda huo bila kupata mwili wa kuingia. Nepi nazo zifuliwe nyumbani kwenye beseni, kwani anayesimama majini kufua anajiweka hatarini yeye mwenyewe, na kinyesi anachokisuuza kinaingia katika maji ambayo jirani anakunywa. Imani kwamba kinyesi cha mtoto mchanga hakina madhara si ya kweli: kinabeba vijidudu vya kuhara sawa na cha mtu mzima, kitupwe chooni, na aliyembadilisha mtoto anawe mikono kwa sabuni kabla ya kushika chochote.

Nepi iliyofuliwa isuuzwe mpaka maji yatoke bila povu, kwa kuwa sabuni inayobaki huunguza ngozi. Ianikwe kwenye kamba juani. Najua wengi wetu huanika juu ya mawe, ambayo Mwanza tumejaliwa kwa wingi, lakini kuna nzi ambaye hutaga mayai kwenye nguo zilizoanikwa nje, hasa zenye unyevu, na buu wake huingia chini ya ngozi. Pasi yenye moto huyaua mayai hayo, hivyo nepi ipigwe pasi pande zote mbili kabla ya kuvalishwa. Pampasi iliyotumika ikung'utwe kinyesi chooni, ikunjwe, ifungwe na kupelekwa kwenye taka. Isitupwe chooni, wala kwenye makorongo ya milimani ambako mvua huishusha hadi Mto Mirongo na kuingia ziwani.

Mtoto akishababuka, ongeza mara za kubadilisha na muda wa kukaa bila nepi, na upake krimu ya zinki kwa unene, bila kuikwangua yote kila unapomsafisha. Wekundu wa kawaida hupungua ndani ya siku mbili au tatu. Usipopungua, ukawa mwekundu sana hadi kwenye mikunjo ya mapaja, na vipele vidogo vikatawanyika pembeni, yaelekea ni fangasi, na huyo anahitaji dawa ya fangasi kutoka kituo cha afya. Hali hii huwapata zaidi watoto waliotoka kumeza antibayotiki. Naomba sana wazazi wasichukue zile krimu za mchanganyiko zinazopokezanwa mtaani kwa sifa ya kutibu kila kitu, kwa kuwa nyingi zina dawa kali za steroidi, na ngozi ya mtoto iliyofunikwa na nepi huzinyonya kwa kiwango kikubwa.

Akiharisha maji, nepi hubadilishwa kila anapopata choo, ikiwa hata mara kumi. Endelea kumnyonyesha, mpe ORS, ule unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji, na vidonge vya zinki (si ile krimu) kama utakavyoelekezwa kituoni, na uitazame nepi kwa upande wa pili: mtoto ambaye saa 6 zimepita hajakojoa, macho yameingia ndani, utosi umebonyea au amelegea, apelekwe hospitali mara moja, iwe ni mchana au usiku. Apelekwe pia mwenye damu kwenye kinyesi, na yule ambaye kinyesi chake ni cheupe au cha kijivu, hasa macho yake yakiwa ya manjano, kwani hiyo inaweza kuwa dalili ya njia ya nyongo iliyoziba, ugonjwa ambao matibabu yake hutegemea kuwahi. Kwa upande mwingine, mtoto wa zaidi ya wiki 6 anayenyonya titi tu anaweza kukaa siku kadhaa bila choo kikubwa, na ikiwa anachokitoa hatimaye ni laini na anakojoa vizuri, hakuna cha kutibu.

Mama anayerudi kazini amwachie dada wa kazi au bibi wa mtoto utaratibu ulio wazi: abadilishwe anapoamka, kabla au baada ya kila mlo, kabla ya kulala, na kila anapopata choo. Ni rahisi kuushika kuliko kuangalia saa. Amwachie pia nepi za kutosha, kwa sababu mlezi aliyeachiwa pampasi moja hawezi kubadilisha mara tatu. Kwenye safari ya meli ya kwenda Nansio au basi la mbali, mbadilishe mtoto muda mfupi kabla ya kupanda, na mfuko wa nepi ukae miguuni pako, usipelekwe kwenye mizigo.

Mtoto anapoanza kukaa mkavu kwa saa mbili mfululizo mchana, akaonyesha kwa uso au neno kwamba anajisaidia, ni dalili kwamba anakaribia kuacha nepi. Kwa wengi hilo hutokea kati ya miezi 18 na miaka 3. Nunua poti wakati huo, mkalishe baada ya mlo na anapoamka, na uendelee kumvalisha pampasi usiku, kwa kuwa kibofu cha usiku huchelewa kukomaa kuliko cha mchana.