Siku ya mwisho Okinawa, Japani: nenda dojo kwanza

Ndugu yangu, umeuliza kama ukose zoezi la mwisho la karate kwenye dojo, yaani ukumbi wenu wa mazoezi, ili ukanunue zawadi mjini Naha, kwa kuwa ndege yako ni ya usiku. Tafadhali usikose. Mtaa wa Kokusai-dori umejaa maduka, mchana utapata kila kitu. Lakini sensei, mwalimu wako, aliyekurekebisha kiwiko siku zote hizo hastahili kuagwa kwa ujumbe wa simu.

Wahi kabla ya wenzako. Chukua kitambaa kibichi ufute sakafu pamoja nao: umeinama, viganja juu ya kitambaa, unakisukuma mbele hadi ukutani. Kama una ada unayodaiwa, itie kwenye bahasha safi, umkabidhi sensei kwa mikono miwili. Pesa tupu mkononi haipendezi kwa Wajapani. Na ile kahawa ya Kilimanjaro uliyobeba mpe yeye. Huko wanaijua vizuri.

Sai zako, zile silaha za chuma za mazoezi, zipakie kwenye begi kubwa la kukabidhi uwanja wa ndege. Kwenye begi la mkononi zitazuiwa.

Muda ukibaki, pita bustani ya Matsuyama, hapo Naha, kwa kuwa wewe ni wa mtindo wa karate wa Goju-ryu. Kuna mnara wa kumbukumbu ya Higaonna Kanryo na mwanafunzi wake Miyagi Chojun, mwanzilishi wa mtindo wenu.