Chumba kwanza, mtaji baadaye

Wiki hii nimechagua maswali kuhusu vijana wasio na makazi hapa Kigoma, wanaolala mwaloni Kibirizi na pembeni mwa stesheni.

Dada, tumechanga na wenzangu tumpe kijana mtaji wa kuuza dagaa. Shilingi ngapi zinatosha? (Mwanga)

Swali hili mnaniletea kila mwezi, na kila mwezi hamniambii kijana analala wapi. Asiye na mlango wa kufunga analala na mtaji wake mfukoni, na wenzake wanajua. Mpangishieni chumba kwanza. Wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo. Hapo ndipo mchango wenu unapohitajika, kwa sababu yeye peke yake hawezi kuikusanya. Kodi inayofuata aanze kuichangia, na muipange kwa kufuata mwezi wa angani. Mnajua wenyewe: hela ya mwaloni ipo siku za giza. Mbalamwezi ikiwaka taa hazivuti dagaa, boti zinakaa na wabebaji wanakaa. Mkimdai tarehe moja kila mwezi, mtamkuta hana kitu na mtamwita mvivu.

Halafu msimfunge kwenye dagaa peke yake. Mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, na aliyekuwa na mabega ya kubebea tu alirudi kwenye kuomba. VETA, chuo cha ufundi stadi, ipo hapa hapa Kigoma. Ulizeni ada na muda wa kozi kabla hamjanunua ndoo za dagaa.

Tajiri wa boti anamtunzia kijana hela zake. Kuna ubaya? (Katonga)

Upo. Siku wakigombana, akiba imekwenda. Kama ametimiza miaka 18, mfuatilieni kitambulisho cha taifa cha NIDA, maana bila namba ile na alama za vidole hasajili laini ya simu kwa jina lake, na bila laini yake hana pa kuweka pesa. Anzeni na cheti cha kuzaliwa. Nawaomba mwende naye kwa mtendaji, msimtume. Mkoa wetu uko mpakani, maswali ya uraia ni mengi, na kijana akiulizwa "wazazi wako wako wapi" mbele ya foleni anaondoka asirudi tena. Mtafuteni mzee anayeijua familia yake, akae naye pale.

Je, wa miaka 15 naye apandishwe boti ili ajitegemee? (Ujiji)

Hapana. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kazi za usiku na za hatari kwa aliye chini ya miaka 18. Nendeni kwa afisa ustawi wa jamii, au pigeni 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure.

Nimempakia mmoja kwenye basi arudi kwao Kasulu. Wiki haijaisha yuko hapa. Nifanyeje? (Katubuka)

Ungeuliza kwanza alikimbia nini, mama yangu. Nauli haiondoi fimbo iliyomtoa nyumbani. Usimrudishe tena mpaka ustawi wa jamii wa kule wameifikia familia na wamezungumza nayo.

Tulimpangishia chumba Gungu, kitanda na godoro vipo. Anarudi kulala mwaloni. Tumnyang'anye ufunguo? (Gungu)

Msithubutu. Aliyelala miaka mitano katikati ya wenzake, mgongo kwa mgongo, ukimya wa chumba unamtisha. Nimewaona wanaolala sakafuni kando ya kitanda, na wanaoacha mlango wazi usiku kucha. Wengine wanaona aibu kwamba wao wamepata na rafiki zao hawajapata. Wachache kati yao hurudi kwa ajili ya kunusa gundi, na huyo anahitaji hospitali, hafai kufokewa. Ufunguo ubaki mkononi mwake hata akilala chumbani siku mbili tu kwa wiki. Mmoja wenu, yule yule kila mara, awe anapita jioni na kula naye. Msibadilishane zamu, vijana hawa wamezoea watu wanaokuja mara moja. Mwenye nyumba naye aambiwe ukweli mapema, asije akamtoa kwa sababu ya wageni wa usiku. Mkiona mwezi wa tatu ameweka pazia au amenunua sufuria, leteni swali la mtaji, nitalijibu kwa furaha.