Mbolea ya ruzuku Trans Nzoia: bei ya ghalani si bei ya shambani

Ndugu, umeuliza kama ni kweli kwamba serikali huwatumia wakulima pesa za ruzuku, na kwa nini mama yako, aliyejiandikisha kwa naibu wa chifu, hajaona hata shilingi moja kwenye simu yake. Mimi hulima mahindi ekari tatu hapa Trans Nzoia, Kenya, na nimenunua mbolea hii tangu mpango ulipoanza Septemba 2022, kwa hiyo nitajibu kwa niliyoyapitia.

Hakuna pesa anazotumiwa mkulima. Ruzuku imo ndani ya bei: mfuko wa kilo 50 uliouzwa madukani kwa zaidi ya shilingi 6,000 mwaka 2022 uliteremshwa hadi 3,500, na mwaka uliofuata ukafika 2,500, serikali kuu ikibeba tofauti. Anachopaswa kusubiri mama ni ujumbe mfupi wa kumjulisha mifuko aliyopangiwa, kulingana na ekari alizotaja alipoandikishwa, kisha aende na kitambulisho kwenye ghala la NCPB, bodi ya taifa ya nafaka, na kulipa sehemu yake.

Ujumbe usipofika, anzeni na namba ya simu. Mwaka wangu wa kwanza tarakimu moja ilikuwa imekosewa katika orodha, na hadi iliporekebishwa mahindi yalikuwa yamefika magotini; mbolea ya kupandia, DAP, nilikwisha kuinunua dukani kwa bei kamili, tena kwa mkopo. Wazee wengi, nao, hutumia laini zilizosajiliwa kwa majina ya watoto wao, na hilo pia huwatatiza.

Lakini jambo linaloniuma zaidi ni safari. Ghala letu liko mbali, na msimu wa kwanza nilipanga foleni siku mbili, nikiwa pamoja na akina mama waliolala nje na watoto migongoni. Jirani yangu mjane, mwenye ekari moja, alipewa mifuko miwili. Nauli yake na ya bodaboda iliyobeba mbolea ilifika shilingi 1,000, kwa hiyo kila mfuko ulimfikia shambani kwa 500 zaidi ya bei ya ghalani, ilhali mwenye mifuko arobaini hukodi lori na gharama hiyo ikagawanyika hadi ikawa ndogo sana. Ruzuku ni ileile kwa kila mfuko, ila haimfikii kila mtu ikiwa sawa, na naamini vituo vya karibu vingemsaidia mjane yule kuliko punguzo jingine la bei. Sisi kumi na mmoja sasa huchanga na kukodi lori dogo moja, kanta, na tangu chama cha ushirika cha jirani kiruhusiwe kugawa mbolea, hatulali tena nje.

Umesema pia kwamba nusu ya shamba mama amelikodi. Hakikisheni ekari hizo zimeandikwa kwa jina lake yeye anayelima, kwa sababu hapa kwetu nimeona mwenye ardhi akipokea mifuko na kuiuza, huku mpangaji akipanda bila mbolea. Ni vizuri aende kwa naibu wa chifu Januari, kabla foleni hazijaanza, aombe kusomewa jina, namba ya simu na ekari zake kama zilivyoandikwa.