Baba anayelipiza kisasi na sheria

Katika tamthilia ninayoizungumzia, baba anamuua mtesaji wa mwanawe; swali ni kama angeweza kweli kuepuka gereza. Imewahi kutokea: mwaka 1984, katika uwanja wa ndege wa Baton Rouge, Louisiana, Marekani, baba mmoja alimpiga risasi, mbele ya kamera za televisheni, mtu aliyemteka na kumnajisi mwanawe, na baba huyo alipoacha kupinga shtaka la kuua bila kukusudia alihukumiwa miaka 7 ambayo hakuitumikia gerezani, miaka 5 ya uangalizi na saa 300 za kazi za jamii. Namhurumia sana mzazi huyo, lakini nafuu kama hiyo ni nadra, kwa kuwa anayevizia na silaha kwa kawaida hukabiliwa na shtaka la kuua kwa kukusudia.